Jiwe Ndani, Udongo Nje

Simpendi Bi Kache, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu nasimulia habari zake. Nilipanga chumba kwake Majengo miaka sita. Alikuwa mwanamke mwenye ndimi mbili: mmoja wa kudai kodi kila tarehe moja kabla hujanywa chai, mwingine wa kulia shida ukimwomba atengeneze choo.

Viazi karai alivyouza Mwembe Tayari miaka kumi na mitatu vilimnunulia nyumba ya vyumba sita. Kiwanja hakikuwa chake. Kwetu huitwa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, mchanga una mwenyewe, na kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Dadake, Dama, alimsihi anunue kiploti chenye hati ng'ambo ya Makupa, kisha asubiri.

"Kiploti chalipa kodi?" Bi Kache alimcheka. "Vyumba sita vyanilipa mwezi huu huu."

Mkataba ulisema wazi nyumba ibaki ya miti na udongo. Akijenga jiwe bila ruhusa, siku ya kuambiwa aondoke hapati fidia hata senti. Lakini chumba cha udongo hakipandi kodi. Benki alikokwenda kuomba mkopo nayo ilimtaka hati ya ardhi, akatoka huko akiitukana mpaka barabarani.

Basi akakigeukia chama cha kuchangiana cha wauza viazi. Kila zamu yake ya kupokea ilipofika, akajenga chumba kimoja. Fundi alipandisha ukuta wa matofali ya saruji kwa ndani, ukigusana na ule wa udongo, na nje hakugusa kitu. Muhdhar, aliyerithi kiwanja kwa babake, alikuwa akija kuchukua kodi anaona chokaa ile ile, anakwenda zake. Kwa miaka minne nyumba ikawa jiwe tupu lililovishwa koti la udongo. Werevu huo naukiri, ingawa unaniuma.

Unaniuma kwa kuwa chumba changu kilipungua shubiri kila upande. Kitanda cha mvule alichoniachia mama kikakataa kuenea. Nikaenda kumwambia.

"Kikate," alisema. "Na mwezi ujao waongeza mia tano. Sasa walala kwa jiwe, mwanangu."

Nilikikata kwa msumeno. Nikawa nalala miguu ikining'inia, namlaani.

Mwaka jana Muhdhar akauza kiwanja. Jumamosi moja akaja na mthamini, wapangaji wote tupo uani. Fidia ya nyumba ya udongo ilikuwa ndogo, lakini ingemtosha Bi Kache kununua kiploti kama kile alichokicheka. Joto lilikuwa kali, na mthamini hakuonekana kutaka kuingia vyumbani. Akauliza tu nyumba imejengwa kwa kitu gani.

"Nyumba hini ni ya udongo, babangu," Bi Kache akasema, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia. "Udongo mtupu. Mwaiona."

Kisha akatuangalia mmoja mmoja, akituomba kwa macho. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nikakumbuka msumeno.

"Kama ni udongo, Bi Kache," nikasema, "nirudishie mia tano zangu za kila mwezi."

Mthamini akaingia chumbani kwangu, akagonga ukuta kwa kidole, akaandika. Muhdhar akatabasamu. Bi Kache hakupata kitu, na sisi wapangaji tukapewa mwezi mmoja tuhame. Niliona raha, kama dakika tano hivi.

Siku ya kuhama nilimkuta uani akifunga karai lake kwa kamba. Nilitarajia matusi, na majibu nilikuwa nayo tayari.

"Haki yako umeipata, Awino," alisema bila kuniangalia. "Kaitandike, uilalie."

Siku hizi napanga ng'ambo ya Makupa. Chumba ni kipana, hata kabati limeingia. Kitanda ni kile kile kifupi.