Sari ya Damu ya Mzee

Sisi tuliokulia Tunduma kabla kila msichana hajawa na simu, mchezo wetu ulikuwa rede na sinema yetu ilikuwa harusi. Tulicheza kando ya foleni ya malori mpaka nywele zikageuka rangi ya vumbi, kisha tukaitwa tukaoge, tukale pilau na kumtazama bibi harusi.

Dada yangu Saida alipochumbiwa, mama alitaka avae sari ya hariri. Dada alikuwa ameshawekwa ndani, haruhusiwi kutoka, basi nikapelekwa mimi dukani kupimiwa. Nilikuwa darasa la saba lakini tulilingana urefu. Jirani yetu Bi Zuhura, mpambaji wa maharusi, ndiye aliyetuongoza. Alichomoa uzi mmoja pindoni akauwasha kwa kiberiti. Ukanuka kama nywele zilizoungua.

"Hii hariri," akasema. "Ingenuka plastiki tungekwenda zetu."

Mwenye duka alinuna kidogo, lakini akatufungia. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, yenye nyuzi za dhahabu.

Nyumbani Bi Zuhura akajaribia mapambo yake kwangu. Alinikaza kamba ya sketi ya ndani mpaka nikashindwa kupumua, maana uzito wote wa sari hukaa pale. Akapanga marinda kwa vidole, akayachomeka kiunoni, ncha akaipandisha begani. Chini ya kila pini aliweka kipande cha kitambaa, hariri isichanike. Mama mmoja wa Zambia aliyekuja kwetu kununua mchele akaniita nabwinga, yaani bibi harusi kwa Kibemba. Mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya mlango, lakini siku ile sikutaka kuvuliwa.

Dada alipoivaa, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nikabaki kuyahesabu marinda. Mama akaniona.

"Acha kijicho," akaninong'oneza. "Sari haiozi. Zamu yako itafika."

Dada akaolewa Iyula, kwa mfanyabiashara wa kahawa, sari akaiacha kwetu. Niliitunza mimi. Niliikunjua na kuikunja upya mahali pengine, ili isikatike kwenye mikunjo ya zamani. Niliianika ndani, mbali na jua na vumbi la malori. Sikuipulizia manukato, kwa sababu yanaweza kuzitia weusi zile nyuzi za dhahabu. Niliifunga kwenye kanga kuukuu pamoja na karafuu, nikisubiri zamu yangu.

Mwezi uliopita dada alikuja kuichukua. Wifi yake alikuwa anaolewa.

"Wewe hata mchumba huna, mdogo wangu," akasema. "Ikae tu?"

Nilimtazama mama. Mama akaendelea kuchambua mchele.

Tena nikaitwa Iyula kumvalisha yule wifi, kwa kuwa Bi Zuhura amehama na marinda nayajua mimi. Nilipomaliza akaniuliza anaonekanaje. Nikamwambia imempendeza. Ilikuwa imempendeza kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wasichana wa siku hizi hukodi sari zilizokwisha kushonwa marinda, zenye zipu ubavuni. Mtu anaingia humo kama kahawa kwenye gunia, anapiga picha, na chakula hakijaisha ameshavua. Nilikuwa nawacheka. Sasa nawaonea wivu hata wao, maana wanairudisha sari dukani kabla hawajaanza kuipenda.