Thumu, Si Sumu

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, aliishi fundi Aliakbar. Nusu ya wazee wa kisiwani walikuwa wakitafuna nyama kwa kazi ya mikono yake, na hakuna aliyemjua. Alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Daktari alichukua umbo la kinywa cha mgonjwa kwa plasta na kumpelekea, yeye akapanga meno juu ya plasta ile, akayasugua mpaka yakang'aa, kisha akayarudisha kwa daktari. Mwenye kinywa hakumwona kamwe. Sheria ilikataza.

Tusiionee sheria, maana haikuzuka bure. Miaka ya nyuma kulikuwa na mtu huko Shimanzi, nyuma ya magodauni, aking'oa watu meno kwa koleo na kuwabandika mengine, mpaka baba mmoja mwenye watoto akaoza taya akafa. Wakubwa wakaghadhibika, nayo ghadhabu haina kipimo. Wakaamua kwamba fundi wa meno asimguse mgonjwa, asimpokee, wala mgonjwa asikanyage karakana yake. Atakayevunja atanyang'anywa kibali. Wakalala usingizi wao.

Mkewe Razia alipokuwa hai, Aliakbar hakuiona sheria hiyo kuwa nzito. Razia alisema maneno ya watu watatu, na nyumba ilijaa. Mtoto Mungu hakuwajaalia. Razia alipofariki, nyumba ikanyamaza, na fundi akagundua kwamba mtu anaweza kushinda kutwa asitumie sauti yake isipokuwa kumwambia muuza mkate, "Mmoja tu." Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia kwamba unamuuma.

Jioni alizunguka mjini akitafuta meno yake. Usicheke. Siku moja kwenye uwanja wa Tononoka, katika mechi ya mpira, mzee mmoja alicheka kwa bao lililofungwa, na Aliakbar akayatambua mara moja yale ya juu. Alitamani amwendee amuulize kama bado yanambana upande wa kushoto. Lakini ataanzaje? Mtu wa Mombasa atakusimulia ugomvi wa wakeze na maradhi ya tumbo lake, ila hatakwambia kwamba meno hayo si ya kuzaliwa nayo. Fundi akatazama mpira, akarudi nyumbani.

Basi alasiri moja alikuwa amesimama kwenye duka la Jamaldin, pale mbele ya nyumba yake, akingoja kupimiwa majani ya chai. Akaingia Bi Mwanakuu, mama wa Kibokoni mwenye heshima zake, buibui limemkaa sawasawa.

"Jamaldin, nipe sumu."

"Ya panya ama ya mende, mama?"

"Sumu! Ya kutia kwenye pilau!"

Jamaldin akaweka mizani chini. "Bi Mwanakuu," akasema polepole, "ni nani aliyekukosea?"

Mama wa watu akanyoosha kidole kwenye kapu la vitunguu vidogo vyeupe, na ndipo watu walipoelewa kwamba alitaka thumu, yaani kitunguu saumu. Duka zima likaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. Alijifunika uso kwa ukingo wa buibui akatoka, thumu ameiacha.

Aliakbar naye hakucheka, kwa kuwa aliyaona. Yale meno marefu ya mbele yalikuwa yake. Na papo hapo akajua kosa lilipo. Alikuwa ameyapanga kama ya Razia. Tangu afiwe, kila plasta ya mwanamke iliyokuja mezani aliipa tabasamu la mkewe bila kukusudia, na plasta haisemi ikamwambia kwamba ulimi umekosa pa kutokea. Ulimi usipopenya kati ya meno, thumu inakuwa sumu, na dhambi inakuwa zambi.

Alikwenda kwa Daktari Ketty, mwanamke wa Kisumu mwenye roho safi.

"Yamemkaa vizuri, mzee wangu, hayamchubui," daktari alisema. "Nilimwambia atazoea. Sikufichi, masikio yangu mimi hayatofautishi thamani na samani."

"Basi nimsikie mimi."

"Sheria unaijua." Daktari akafikiri. "Ila nitamwambia ulivyosema. Kusema hakujakatazwa."

Haukupita muda mrefu, mtu akaketi kwenye baraza ya mawe nje ya nyumba ya Aliakbar, amelipa dirisha mgongo.

"Hodi sipigi," sauti ikasema, "maana siingii. Nimeketi barazani kama wapitao ndia. Baraza si karakana."

Fundi alisogea nyuma ya nondo za dirisha. Kibali chake ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho, na akikipoteza hata plasta hatakuwa nayo ya kuzungumza nayo.

"Una shida gani, Bi?"

"Wajukuu wangu wanicheka mmoja mmoja. Wasema bibi alilala Mvita, akaamka mtu wa bara. Hao nawasamehe. Lakini nikisimama kuswali, nasoma Alhamdu, nikifika pale..." Akasoma, na neno la Mungu likatoka na z badala ya dh. Akalia. "Nasema na Mola wangu kama mgeni, fundi. Umri wangu huu."

Aliakbar alichukua tupa yake mezani. "Yavue mwenyewe," akasema. "Yafunge kwenye leso, unipitishie hapa."

Akayapiga tupa kidogo, akayarudisha. Bi Mwanakuu akayavaa nje, akasema, "Selasini." Bado. Leso ikaingia tena, ikatoka tena. Tupa ilikuwa ikipunguza tabasamu la Razia, na kila ilipopita fundi aliona uchungu, lakini hakuacha. Mwishowe sauti ya nje ikasema, "Thelathini." Ikasema, "Thamanini. Dhahabu. Adhabu." Halafu ikasema kwa furaha ya mtoto, "Thumu!"

Wote wawili wakacheka, huyu ndani, yule nje. Aliakbar alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe ndani ya nyumba ile.

"Nitakuombea dua mpaka nife," Bi Mwanakuu akasema akiinuka. "Lakini tukikutana ndiani, hunijui, sikujui. Sikuketi hapa."

"Sikujui, Bi," fundi akajibu.

Ilikuwa ni miaka ile ya tisini ambapo leseni na masharti mengi yalikuwa yakipunguzwa, na ikaletwa kamati ya kupima kama masharti ya kazi za mafundi wa tiba yamezidi kiasi. Daktari Ketty alimwita Aliakbar akaseme. Mwenyekiti aliitwa Bwana Kiti, na watu walikuwa wameshachoka kulicheka jina hilo pamoja na cheo chake. Alikuwa mtu makini, na aliuliza maswali mawili tu kwa kila sharti: linakinga nini, na kwa kukinga hicho, linamuumiza nani?

Aliakbar angeweza kusema kwa jumla jumla, akarudi salama. Lakini alipoulizwa kama sharti limewahi kumdhuru mtu, alieleza habari ya sumu na thumu, baraza na leso.

"Ulimgusa?" Bwana Kiti akauliza.

"Sikumgusa. Nilimsikia."

"Ni nani?"

"Simjui."

Mwenyekiti akamtazama sana. "Mwamba ngoma huvutia kwake, mzee. Wewe wataka watu waje kwako."

"Kweli, nataka," Aliakbar akasema. "Mke wangu amekufa na mimi ni mpweke. Usinihukumu kwa hilo, wala usinisaidie kwa hilo. Yule wa Shimanzi mzuieni. Na mkono wangu uzuieni pia, sikusomea ufizi. Lakini sheria ya mkono imeziba na sikio. Sikio langu litamwozesha nani taya?"

Hakujibiwa siku hiyo. Alirudi nyumbani akiamini amekichimbia kaburi kibali chake. Kwa majuma mengi kila kishindo cha viatu kichochoroni alidhani ni cha mtu aliyetumwa kukichukua.

Aliyekuja, baada ya mvua za masika, alikuwa Daktari Ketty, tena mbio. "Wamelegeza, mzee! Kugusa bado ni mwiko. Lakini mgonjwa ana ruhusa kuja kwako, aketi, aseme, umsikie. Na lile la baraza wamelisamehe."

Aliakbar alipaka baraza chokaa. Akanunua mkeka mpya na vikombe, akafungua mlango, akaketi ndani na tupa yake, akingoja. Walipita wazee na meno yake vinywani, wakatazama mlango ulio wazi, wakaongeza mwendo. Hakuna aliyetaka jirani amwone akiingia kwa fundi wa meno. Siku baada ya siku kahawa ilipoa kwenye birika. Ikamdhihirikia, na ilimuuma kuliko sheria yenyewe, kwamba kufuli iliyotolewa ilikuwa ya serikali, na ile ya watu bado iko mlangoni.

Alasiri moja alipita Bi Mwanakuu, yuko na mashoga zake wawili. Aliakbar aliinuka nusu, akakumbuka ahadi, akaketi. Bi Mwanakuu alitazama ukuta wa mbele kana kwamba mlango ule haukuwahi kujengwa, akaingia dukani kwa Jamaldin. Kisha sauti yake ikavuka kichochoro, kubwa kupita haja ya mtu aliyesimama mbele ya mwenye duka.

"Nipe thumu, Jamaldin! Wasikia? Thumu!"

Fundi Aliakbar aliweka tupa mezani.

"Alekum salam," akajibu, peke yake.