Mtani Aliyeletwa na Kibwana

Tarehe 12 Machi 1912. Mvua ilianza alfajiri, na ukungu wa Uluguru ulishuka hadi kwenye mapaa ya Morogoro.

Siku hiyo Kibwana alimleta Furaha nyumbani kwa Mwaisha. Zamani Kibwana alikusanya wapagazi wa misafara. Garimoshi lilipofika, kazi hiyo ikafa, akageukia kuwatafutia wenye wagonjwa watu wa kuwauguza. Mwaisha aliuza vitumbua stesheni. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa amepooza upande mmoja na kauli imemkatika. Mwaisha asipouza, hawali. Akienda kuuza, mama hubaki peke yake.

"Dhamana ni mimi," alisema Kibwana. "Tena huyu ni mtani wenu kabisa, ukoo kwa ukoo."

Hilo likatosha. Nani humhoji mtani? Mwaisha hakuuliza Furaha ametoka kumuuguza nani, wala kama mgonjwa huyo alipona.

Furaha alikuwa mchangamfu. "Ee kikongwe, kufa basi nikuzike! Sanda nimeshaichagua!" alisema mbele ya majirani, nao wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwaisha naye alicheka. Mtani asipotania kifo, atatania nini? Bi Mwajuma peke yake hakucheka. Macho yake yalimfuata Furaha kila aendako, kama kuku mwenye vifaranga anavyomtazama mwewe.

Wiki ya tatu mifupa ya mabega ya Bi Mwajuma ikaanza kuhesabika.

"Uji si unaisha?" Furaha alimwonyesha Mwaisha chungu kitupu. "Anayekula ni ugonjwa."

Kesho yake Agnes, muuza mboga kutoka vijiji vya misheni huko mlimani, aliingia uani. Alipomwona Furaha akifua kisimani, akatua tenga lake.

"Huyo si ndiye aliyemuuguza mama yake Paulo kwetu? Miezi miwili tu, tukazika. Kabla yake, baba yake Leonard."

"Walikuwa watani zake?" Mwaisha aliuliza.

"Kibwana alisema hivyo hivyo. Mtani wa kila nyumba, mwenzangu! Msibani akabeba nguo zote za marehemu. Ni haki ya mtani, utamzuia? Tukaja kusikia wamegawana na Kibwana."

Jioni ile Mwaisha alimlisha mama kwa mkono wake. Bi Mwajuma alimaliza bakuli la kwanza, la pili, na la tatu akaling'ang'ania kwa mkono wake mzima, asitake liondolewe.

Mwaisha akatoka akamwambia Furaha aondoke. Furaha hakukasirika. Alifunga kifurushi chake taratibu, akicheka.

"Mtani hafukuzwi, bibie. Siku ya msiba mlango huu utanifungulia wewe mwenyewe. Nitunzie nguo zangu, panya wasizile."

Asubuhi iliyofuata Mwaisha hakwenda stesheni. Alimbeba mama hadi barazani, akamketisha akiegemea ukuta, akatoa nje sanduku la nguo zake. Aliwaita majirani, akamwita na Kibwana aliyekuwa akipita njiani, asimame ashuhudie. Kisha akazigawa nguo za mama moja moja, kila nguo kwa mtu wake, mama akiwa hai na akitazama, mpaka sanduku likabaki mbao tupu. Ya mwisho, kaniki mpya, alimfunga mama mwenyewe.