Nimemng'ata wifi kidole

Leo nimemng'ata wifi yangu kidole, na sijutii.

Kwanza salamu, mwanangu Kabula. Mumeo hajambo? Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Wadogo zako Kulwa, Doto na kitinda mimba wangu Shija, wote wazima huko?

Sasa sikia.

Wifi kapika makande bila kuchagua mawe. Nikauma jiwe, kile kizibo alichoniwekea daktari kwenye gego kikatoka kizima.

Akacheka. "Wifi, wachimbaji wa Geita watagombea hilo shimo."

Nikakitemea kizibo kiganjani.

Akaleta ulimbo, ule wa kunasia ndege. "Panua mdomo, nakigandisha."

Nikapanua. Kidole kilipoingia, nikafunga.

"Wifi, niachie. Wifi, nakuomba."

Ningejibuje, na mdomo umejaa?

Nilimwachia nilipotosheka. Na kesho anachagua mahindi mbele yangu, punje kwa punje.

Kizibo nimekifunga kwenye pindo la khanga. Nasukutua maji ya chumvi, natafunia upande wa pili. Lakini naogopa, mwanangu, gego lisije likang'olewa.

Ulizia kama daktari wa meno wa huko Ushirombo yupo, nipande lori. Nijibu upesi, maana wifi ameonekana kwa fundi baiskeli akiazima koleo.