Gauni Lisilojua Kupiga Goti

Esperance ni mtoto wa mdogo wangu, tunaishi mji mmoja hapa DeSoto, jirani na Dallas. Kushona anajua, hilo siwezi kumnyima. Akili njo sijui aliisahau kwetu Uvira.

Miaka sita anatandika vitanda vya hoteli huko Dallas, mgongo umepinda kama ndoana. Siku zake za kupumzika anashona, na alikuwa na namna yake. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, anachora nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, anafuta, anachora tena. Halafu anakata karatasi za matangazo ya supamaketi, anazibana na pini, anamvika mwanasesere mmoja wa plastiki asiye na nywele. Anamkalisha, anamwinamisha, anamchezesha. Karatasi ikichanika, anacheka: "Aksanti kwa kuniambia mapema." Kichwa chake kizito, tusidanganyane. Mikono njo ilikuwa inafikiri badala yake.

Basi Mama Christelle wa kanisani akamletea kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake. Wageni mia nne. "Ukimpendezesha huyu, wamama wote wa kanisa ni wako. Mashuka ya hoteli utayaaga." Esperance akalia kwa furaha.

Mumewe, Florent, akaja na tableti. "We mama, unacheza na midoli? Wateja wakikuta hizi takataka watasema umetoka kambi ya wakimbizi jana." Karatasi zote akazitupa kwenye pipa. Na mwanamke akaipokea hiyo tableti! Gauni akalichora kwenye kioo cha tableti, limebana mpaka chini ya magoti. Nikamuuliza, "Na yule wa plastiki umemjaribishia?"

"Mama mkubwa, siku hizi hatufanyi hivyo."

Haya. Akakata, akashona. Christelle akalijaribu amesimama, akapiga picha, akaenda.

Siku ya harusi bibi harusi anampelekea baba mkwe maji ya kunawa. Kwetu maji hayo hupeleki umesimama kama askari. Christelle akapiga goti, goti likakataa. Akakwama, hayuko juu hayuko chini. Akajilazimisha. Mshono wa nyuma ukapasuka praaa mpaka kiunoni, na beseni lote likamwagikia suti ya mzee. Simu zote zikainuka kupiga video.

Mama Christelle akamfuata Esperance pale pale mezani. "Mwanangu ulimpimia kaburini? Hili gauni ni la kulala tu!"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sisemi uongo. Florent alikuwa kwenye mstari wa kupakua nyama.

Tangu hapo hakuna mama aliyemletea hata kifungo. Alienda kwao Christelle kuomba msamaha, wakamwangalia kupitia dirisha, mlango hawakufungua. Hotelini wamemwongezea ghorofa nyingine ya kusafisha. Ananipigia simu analia, "Mama mkubwa, Florent njo alitupa karatasi zangu."

Namjibu, "Florent alitupa karatasi. Kitambaa ulikata weye."

Halafu nakata simu.