Wanawake Niliowatia Sauti Kasulu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiingereza, kazi iliyonitoa kwetu Muheza nikiwa binti na kunizeesha Kasulu. Jumamosi moja mchana nilikuwa natoka sokoni, nikasikia muziki ninaoujua ukitoka kwenye kibanda umiza, kama tunavyoyaita mabanda ya video. Ulikuwa wa filamu ya Kihindi, ya picha zisizo na rangi, niliyoiona nikiwa msichana. Nikaingia na kikapu changu, nikakaa kwenye benchi.

Niwaeleze vijana kazi ilivyokuwa. Filamu inacheza kwenye deki, sauti inapita kwenye miksa, na mtafsiri amekaa pembeni na kipaza sauti. Mwigizaji akifungua mdomo, mtafsiri anashusha sauti ya filamu, anasema maneno kwa Kiswahili, kisha anaipandisha tena. Ukichelewa kushusha, lugha mbili zinagongana na watu wanakuzomea.

Siku hiyo mtafsiri alikuwa kijana aliyejiita Kamanda. Mhusika mkuu wa filamu ile ni mjane. Shemeji yake anamletea karatasi atie dole gumba, ili shamba la marehemu liwe lake. Mama yule anamtazama bila kupepesa, kwa muda mrefu kweli, halafu anasema maneno machache tu. Kamanda akabana pua, akajitia sauti ya kike: "Shemeji, karatasi ya nini? Nioe mimi!"

Banda zima likacheka. Mimi nikasimama.

"Mwongo wewe! Maandishi ya Kiingereza yanapita hapo chini ya picha. Yasome!"

Kamanda akainamia miksa. Kiingereza hakukijua, siku zote alikuwa anabuni. Mwenye banda, mfanyabiashara kutoka Tanga tuliyemwita Hajji, alinipima kwa macho kutoka mlangoni.

"Mwalimu, kama unaweza kuliko yeye, kipaza hicho hapo."

Nilikichukua. Nikamwambia Kamanda arudishe filamu nyuma, kisha nikasema alichosema yule mama: "Kidole ni changu. Shamba ni la wanangu. Toka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hajji akanipa Jumamosi zote mchana, filamu za zamani. Wanawake walioikwepa kazi ya Kamanda wakaanza kuja, wengine kwa miguu kutoka Heru Juu. Niliwatia sauti wengi: mwimbaji wa Misri aliyekataa kuimba kwenye harusi ya mwanamume aliyemtelekeza, muuguzi wa Kizungu aliyemzaba jenerali kofi mbele ya majeruhi. Nilijifunza kwamba sauti ya mwanamke wa namna hiyo haitoki puani, inatoka kifuani. Tena akinyamaza, na wewe unyamaze. Watafsiri wengi huogopa kimya, wanakijaza vichekesho, na hapo ndipo wanapomuua mwigizaji.

Kati ya waliokuja alikuwamo mjane wa Heru Juu, Mama Editha. Baada ya kuiona filamu ile ya mjane mara ya pili alinisubiri nje.

"Mwalimu, yule mama alisema hivyo kweli? Au umemwongezea?"

"Kweli. Sikuongeza neno."

"Apa."

Nikaapa. Akanieleza kwamba shemeji yake naye alikuwa na karatasi. Shamba lilikuwa la mihogo na maharage, na marehemu alikuwa hajamaliza hata miezi sita kaburini.

Wiki iliyofuata alikataa kutia kidole. Shemeji mtu akaja bandani na wanaume watatu, wakasema filamu za Hajji zinawaharibu wanawake, na kwamba banda la makuti huungua upesi. Hajji aliniita pembeni.

"Badilisha hapo tu, Mwalimu. Mwache akubali. Ni neno moja, na filamu iko vilevile."

"Neno hilo ndilo filamu yenyewe."

"Banda ni langu. Wallahi, likiungua, utawatia sauti kuku."

Nilipaswa kuondoka saa ileile. Sikuondoka. Nilizipenda zile Jumamosi, nilipenda watu wanyamaze nikisema, na nikajidanganya kwamba sehemu fupi kama ile haitaonekana. Jumamosi iliyofuata, shemeji akiwa amesimama mlangoni, nilishusha sauti, nikasubiri macho yale yasiyopepesa, kisha nikasema kwa upole: "Sawa, shemeji. Lete karatasi."

Sikujua kwamba Mama Editha alikuwa benchi la nyuma. Alikuwa amewaleta mama mkwe wake na mawifi wawili, wajisikilizie wenyewe.

Alisimama. "Hakusema hivyo! Mwalimu, uliniapia! Alisema kidole ni changu! Alisema toka!"

Nilikuwa na kipaza mkononi, banda lote likinigeukia. Mama mkwe alijifunga kitenge chake vizuri akatoka, mawifi wakimfuata. Mama Editha alitoka wa mwisho.

Jioni ile nilimwambia Hajji amtafute mtu mwingine, akamrudisha Kamanda. Nikahamia Kibondo, kwenye ukumbi wa meneja mmoja, ofisa mstaafu aliyetaka kila mwanamke kwenye filamu alie. "Wakilia, watu wanarudi," alikuwa akisema. Nilimjibu siku ya kwanza kwamba alie anayelia, na asiyelia sitamliza. Alininunia miaka miwili, lakini alinivumilia kwa sababu wanawake wa Kitahana walijaa. Mwaka 2015 koo lilinikatalia. Daktari wa hospitali ya Kabanga akaniambia nipumzishe sauti, nami nikastaafu mara ya pili, nikarudi Kasulu.

Sasa vijana wananiuliza ni mwigizaji gani wa zamani alikuwa mrembo kuliko wote. Naona hasira inapanda. Wanawake wale walisimama mbele ya kamera wakasema maneno yaliyopimwa, halafu yakapita midomoni mwa akina Kamanda, akina Hajji, na mimi. Kamanda hakujua kusoma maandishi yale. Mimi nilijua.

Muda mfupi baada ya kustaafu nilipigiwa hodi asubuhi. Alikuwa Mama Editha, ametoka Heru Juu na kiroba begani.

"Mwakeye, Mwalimu," aliniamkia kwa Kiha.

Nilimkaribisha, hakukaa. Alinieleza akiwa wima kwamba baraza la ardhi la kata lilimpa haki yake. Mama mkwe hamsalimii tena, hata msibani. Akashusha kiroba mlangoni, maharage mapya.

Nikaanza kumwomba radhi. Akaniinulia mkono.

"Sijakusamehe," alisema. "Nimekuletea uone kwamba shamba lipo."

Akajifunga kanga, akaenda kutafuta gari la kurudi.