Ndoo ya Siku ya Sabato

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha hapa Newala, nikatega ndoo chini ya bati. Mume wangu, keshavaa vya kanisani, akasema, "Mama Neema, leo Sabato."

Nikakumbuka mchana mmoja wa Sabato nilipokuwa mtoto kule kijijini kwetu Mkunya, udongo ukinukia, bati likipiga kelele. Baba alitoka na Biblia kwapani, akaimwaga ndoo aliyotega mama. Mama akalia. Mimi nilidhani maji ni machafu, nikamwambia, "Usilie, mama, kesho itanyesha safi." Kesho yake jua liliwaka. Tukashuka bondeni kuchota, mama na mimi. Baba alikuwa amelala.

Nilikuwa nimechoka kubishana na mume wangu kila wiki, nikamwambia, "Baba Neema, siamini tena kwamba Mungu anakasirikia ndoo. Ukiimwaga, bondeni utashuka wewe."

 Akaizunguka ile ndoo, akaenda kanisani peke yake.